Uwanja Uliochimbwa kwa Majembe ya Kahawa

Walinipa dakika mbili. Kijana wa kaunti, mpole sana, aliitazama saa yake akaniambia, "Mama, tafadhali, dakika mbili tu, watu ni wengi." Kilikuwa kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu uwanja wetu mpya, ule wenye viti vya plastiki vya buluu na taa ndefu ambazo ukiwa Runyenjes unaziona. Kabla ya kutuuliza maoni alikuwa ametusomea historia ya uwanja. Historia yenyewe ilikuwa fupi kuliko tangazo la kifo redioni: serikali ilitenga ardhi, serikali ikajenga, mheshimiwa fulani akaja akafungua. Nikainua mkono. Kwanza niliuinua polepole kama mtu mzima mwenye adabu, halafu nikasimama kabisa, maana mimi nikikasirika siwezi kuketi.

Dakika mbili hazikutosha hata kuanza. Waliichukua maikrofoni nikiwa bado naeleza uwanja ulikuwa upande gani wa soko. Basi wewe rafiki yangu, sogea hapa, nikusimulie taratibu. Chai ipo.

Siku hizo mji wetu haukuwa mji. Ulikuwa soko, maduka ya mabati yaliyotazamana, kanisa, shule, na kiwanda cha kahawa kule chini mtoni. Msimu wa kuchuma ulipofika, mlima mzima ulinuka maganda ya kahawa yanayooza, harufu tamu iliyochacha ambayo wageni waliziba pua kwa sababu yake na sisi tuliiita harufu ya karo. Ukiamka asubuhi ulisikia mashine ya kiwanda ikisaga kabla ya kusikia jogoo. Tulichuma mpaka vidole vikanata, tukala githeri baridi, mahindi na maharagwe, chini ya mikahawa, tukabeba mapipa madogo ya plastiki kichwani hadi mizani. Mtoto hakuulizwa kama amechoka. Swali hilo lilikuwa halijafika huko kwetu.

Mimi nilikuwa natumwa. Nyumba yenye watoto wengi huwa na mmoja wa kutumwa, na kwetu alikuwa mimi, kwa sababu nilikimbia. Chumvi dukani, moto kwa jirani, ujumbe kwa shangazi ng'ambo ya mto. Nyanya alikuwa akitema mate chini na kusema, "Yakikauka kabla hujarudi, leo hulali hapa." Sikumbuki yakikauka hata siku moja. Mwalimu wetu wa michezo, mtu mwembamba aliyevaa filimbi shingoni hata kanisani, aliniona nikipita barabarani na mafuta ya taa mkononi, akanifuata mpaka nyumbani kwa baiskeli. Alipofika alikuwa anahema, na mimi nilikuwa nimeshamimina mafuta kwenye taa.

Shuleni niliwashinda wasichana wote katika mbio za mizunguko minne, na wavulana kadhaa ambao sitawataja kwa kuwa wengine ni wazee wa kanisa sasa. Hatua iliyofuata ilikuwa michezo ya wilaya. Michezo hiyo ilifanyika Embu, na kwa barabara ya murram ya wakati ule, mvua ikinyesha hukurudi siku hiyo. Watoto walilala madarasani, wasichana darasa hili, wavulana darasa lile, juu ya magunia.

Baba alikataa.

Baba hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke kabla hujamkasirikia. Alikuwa mtu mkimya, mzuri kwa mikahawa, aliyepogoa kila mti kana kwamba ananyoa mtoto. Lakini miaka ya nyuma msichana wa jirani alikwenda michezoni akiwa mwanafunzi, na muhula uliofuata hakurudi shuleni, alikuwa na mimba. Kijiji hakikusahau. Baba aliniambia mara moja tu, akiwa anaosha miguu: "Mama, msichana wangu halali nje ya boma langu." Kisha akaendelea kuosha mguu wa pili.

Aliniita Mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Kwetu binti wa kwanza ni wa mama ya baba, halafu wa pili ni wa mama ya mama. Si jina tu unalopewa. Ni kama unapewa kiti chake. Nyanya aliniita mwenzangu, nikikosea alisema "tumekosea", nikisifiwa alitabasamu kama aliyesifiwa yeye. Kwa hiyo baba aliponikataza, nyanya aliona amekatazwa yeye, na tena amekatazwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Nilidhani atapiga kelele. Nyanya hakubishana na mwanawe mbele ya watoto wake. Alivaa leso yake ya kwenda kanisani, ingawa haikuwa Jumapili, akaenda shuleni. Mimi nilimfuata nyuma. Alimkuta mwalimu wa michezo akipaka chokaa mawe, akamuuliza kama michezo hiyo imezaliwa Embu. Mwalimu akacheka, akasema hapana, hufanyika popote penye uwanja unaofaa, ila huku juu hakuna.

"Mwanangu hakusema mtoto asikimbie," nyanya alisema. "Alisema asilale nje. Basi atakimbia hapa. Tuonyeshe pahali, tuchimbe."

Hivyo ndivyo uwanja ulivyoanza. Hakuna mheshimiwa aliyeota ndoto.

Chifu alitoa mteremko uliokuwa nyuma ya soko la ng'ombe, mahali penye visiki na mawe ambapo hakuna mtu angepanda hata maharagwe. Mwalimu alipiga vigingi, akafunga kamba, akasema, "Sawazisheni." Shule zilikuwa zinafungwa, naye alikuwa akienda masomoni likizo nzima. Alituachia filimbi yake ya akiba na maagizo ambayo hakuna aliyeyaelewa sawasawa.

Nyanya alikuwa kiongozi wa ngwataniro ya akina mama, kile kikundi ambacho leo wanalima kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa yule. Wakati huo ulikuwa wakati wa kulima, mvua zikikaribia, na zamu ya kulimiwa ni kitu ambacho mwanamke hakiachi hivi hivi. Nyanya aliwakusanya chini kando ya kiwanda akawaambia wazi anataka nini. Alisema anaitoa zamu yake. Kisha mama mmoja mnene, jirani yetu, ambaye nyanya na yeye walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mbuzi, akasema naye anaitoa ya kwake, lakini asidhaniwe amesahau mambo ya mbuzi. Wengine wakafuata. Wapo waliokataa, na walikuwa na haki yao, watoto wao pia walikula. Waliobaki walitosha. "Kidole kimoja hakivunji chawa," nyanya aliniambia tukirudi nyumbani, naye alipenda kulisema hilo hata pasipokuwa na chawa.

Walichimba kwa wimbo. Mmoja akianzisha, wengine wakiitikia, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na ardhi nyekundu ikifunguka. Sisi watoto tulibeba udongo kwa karai na mawe kwa mikono. Uji wa wimbi ulikuja kwenye kibuyu, umechacha vizuri, ukinywa unasikia meno. Nilichimba kuliko mtoto yeyote. Kila karai nililolibeba nililihesabu kuwa hatua moja ya mbio zangu, na mikono ilipotoka malengelenge niliyaficha, nikijua baba akiyaona atasema nipumzike.

Mwalimu aliporudi, nilikuwepo. Alishuka kwenye baiskeli, akaiacha ianguke. Mbele yake mteremko wote ulikuwa umekatwa matuta, moja chini ya jingine kama ngazi za jitu, kila tuta limenyooka, limeshindiliwa, lina mfereji wake wa maji, na ukingoni limepandwa majani ya napia ili udongo usisombwe. Kazi safi, haijapata kutokea. Akina mama walikuwa wamejipanga, wakisubiri kusifiwa. Wao walikuwa wamelima mlima maisha yao yote, na ukimwambia mtu wa mlimani asawazishe mteremko, anakukatia matuta. Kuna njia gani nyingine?

Mwalimu alishika kichwa. "Akina mama," alisema kwa sauti ndogo, "hili ni shamba la kahawa. Imebaki miche tu."

Hawakupenda. Mama wa mbuzi aliokota jembe lake akasema yeye anakwenda kulima kwake, na mwalimu atafute watu wanaojua kukimbia kwenye kuta. Na kusema kweli nilifikiri yameishia hapo. Shule zilikuwa zinafunguliwa, michezo ilikuwa karibu, na kila mtu alikuwa na shamba lililolala. Nyanya aliketi juu ya tuta, akayatazama yale yote waliyofanya. Kisha akasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, akashuka mpaka tuta la chini kabisa, akaanza kulibomoa.

Walibomoa ya chini. Udongo wa tuta hili ukajaza lile, mpaka ukapatikana uwanda mmoja mpana. Siku moja walikwama kwenye jiwe lililokuwa katikati kabisa, kubwa kama ng'ombe aliyelala, wakalichimba pande zote na halikutikisika. Jioni hiyo baba alipita akitoka kiwandani, gunia tupu begani. Siku zote alikuwa akipita bila kugeuza shingo. Alimwona mama yake akiwa magotini akikwangua udongo kwa panga. Akaweka gunia chini, akamnyang'anya mtu mmoja sururu, akachimba. Kesho yake alikuja na wanaume wawili na mtaimbo, wakalivingirisha lile jiwe hadi pembeni, naye akaondoka.

Nilimkimbilia njiani nikamuuliza kama sasa amekubali. Alisema, "Nimetoa jiwe." Nilimchukia siku hiyo, nakwambia ukweli wangu.

Matuta ya juu hayakubomolewa. Si kwa hekima yoyote. Nguvu ziliisha na mvua ikaanza. Hata uwanda wenyewe haukutosha, kwa hiyo kona moja ya njia ya kukimbilia ilibidi ipande kidogo mteremkoni na kushuka tena. Siku afisa wa michezo alipokuja kukagua, gari lake lilizama kwenye matope mlangoni mwa soko. Akina mama wakalisukuma, likawarushia tope usoni, wakalisukuma tena. Wakamwosha viatu, wakamketisha juu ya tuta, wakampa mukimo wa moto, viazi na mahindi yaliyopondwa, na chai. Alikula akitazama ile kona inayopanda. Alisema hajawahi kuona uwanja ambao mtu anakimbia akipanda mlima.

"Mtoto wa kwetu anapanda kila siku akitoka mtoni, na maji kichwani," nyanya alimjibu. "Hao wengine watajifunza."

Afisa aliomba mukimo tena. Nafikiri alipima pia ile barabara ya kurudi na uwanja mwingine ambao angelazimika kwenda kuukagua kwenye mvua ile. Akasema unafaa.

Siku ya michezo, watu walikuja kutoka kila upande wa wilaya, na hapo ndipo tulipogundua tulichokuwa tumefanya. Waliketi juu ya matuta. Tuta la juu, tuta la chini yake, na jingine, kila mtu anaona juu ya kichwa cha mwenzake, hakuna anayemwambia mwingine keti chini tuone. Wageni walimsifu mwalimu kwa kufikiria jambo hilo. Mwalimu, kwa heshima yake, aliwaonyesha akina mama. Akina mama walikubali sifa zote bila kueleza chochote.

Baba alikuwa amesema hatakuja, kahawa haingoji. Nilipopanga mstari nilitazama matuta yote nikamwona juu kabisa, amesimama peke yake, bado na aproni ya gunia kiunoni.

Sitakudanganya kwamba nilishinda. Kulikuwa na msichana kutoka kule chini Mbeere, miguu mirefu, aliyekimbia kana kwamba hakanyagi. Katika kona inayopanda nilikuwa nampata, kwenye tambarare ananiacha. Mzunguko wa mwisho mapafu yalikuwa yanawaka, na wimbo wa kuchimba ukaanza kule juu, mama mmoja akianzisha, tuta zima likiitikia, na miguu yangu ikaingia kwenye mdundo wake. Nilikuwa wa pili. Nyanya alishuka akanikumbatia, akasema, "Tumekuwa wa pili," akinuka jasho na sabuni ya kipande.

Halafu kipaza sauti kikatangaza kwamba wawili wa kwanza watakwenda Meru kuwakilisha wilaya. Siku tatu. Watalala huko.

Rafiki yangu, sikuwa nimefikiria hilo. Naapa hakuna aliyekuwa amefikiria. Tulikuwa tumehangaika kuuleta uwanja nyumbani, kumbe uwanja wenyewe ndio unanipeleka mbali zaidi. Chuka ni mbali, na Meru ni kule mbele, ng'ambo ya mabonde yote yale. Nilianza kulia hapo hapo, namba bado kifuani. Nyanya alikuwa ameshachimba, na huko Meru hangeweza kuchimba.

Baba alishuka tuta moja baada ya jingine, na watu wakimpisha. Alisimama mbele yangu, akayatazama magoti yangu yenye tope. Mama wa mbuzi alijifanya anafunga mzigo ili asiondoke.

"Meru kuna baridi," baba alisema. "Utavaa sweta yangu. Nitakwenda nawe."

Alikwenda. Walimu walimcheka kidogo, mzazi peke yake kati ya watoto wote wale, mzee mzima na chupa ya chai na aproni yake ya kuchumia kahawa, maana hakuwa na koti. Usiku alilala kwenye lori na dereva, mlango ukitazama darasa letu. Mchana aliketi kwenye ngazi za saruji za uwanja wa huko, uwanja mkubwa kweli, tambarare kote. Mimi nilikuwa karibu wa mwisho. Miguu ilitafuta mahali pa kupanda, haikupata. Nilipomfuata pale alipoketi nikiwa na aibu, alikuwa akimuuliza mtu aliyekuwa akifagia: uwanja huu walichimba akina nani? Yule mtu hakujua. Baba akamuuliza mwingine, naye hakujua. Alisikitika zaidi kwa hilo kuliko kwa kushindwa kwangu.

Sasa unanielewa nilivyosimama kwenye kikao. Matuta yetu yaliliwa na tingatinga mchana mmoja. Nilikuwa barabarani nikitazama, nimebeba kabichi. Ile kona wameisawazisha, njia ya kukimbilia ni nyekundu na laini, watoto wanaitumia, na mimi siwezi kusema ni vibaya kwa kuwa ni vizuri. Kikundi cha ngwataniro hakipo tena. Leo ukitaka shamba lilimwe unapiga simu vijana waje, na hakuna awezaye kutoa zamu yake kwa ajili ya mtoto wa mwingine, kwa sababu zamu zenyewe hazipo. Nyanya alizikwa mwaka wa ukame. Wa kikundi kile amebaki mama wa mbuzi peke yake, hasikii vizuri, na bado anazungumzia mbuzi. Baba alimfuata nyanya kaburini. Nimemwandikia yule kijana wa kaunti, nimekwenda ofisini kwake, na wiki ijayo nitakwenda tena, mpaka majina ya wale akina mama yawekwe pale mlangoni. Nikichoka nitapumzika, halafu nitakwenda tena.

Lakini ukiniuliza uwanja ule ulinipa nini, sitakutajia medali, sina. Tulirudi kutoka Meru juu ya lori, kwenye baridi, mimi ndani ya sweta yake iliyonifika magotini. Tuliposhuka sokoni, akinishika mkono ili nisiteleze, baba aliniambia, "Mwaka ujao utakwenda bila mimi."

Mwaka uliofuata nilikwenda. Nililala Machakos siku nne, na baba alikuwa nyumbani akichuma kahawa.